Sahani Tano za Bi Salma

Mwanangu, kabla hujafunga sanduku lako, nikwambie upumbavu wangu mmoja. Niliwahi kusimama nyuma ya mlango wangu mwenyewe, nimezuia pumzi kama mwizi, ili kumkwepa mama wa watu aliyeniletea chakula.

Ilikuwa Birmingham, mtaa wa Ladywood, miaka ile ya elfu mbili na kidogo. Nilitoka Tanga na cheti changu cha kidato cha nne kwenda kusomea ufundi wa umeme, nikapata chumba ghorofa ya saba. Miezi miwili ya mwanzo ungeniuliza mji ukoje, ningekusimulia basi, darasa na dirisha langu. Mimi ni mtu wa kukaa ndani. Hata Tanga, ufukweni nilikuwa naenda kwa kuburutwa.

Ramadhani ikaingia wakati wa baridi. Kule, miezi hiyo, jua linazama saa kumi tu, nikaona hii ndiyo funga iliyonifaa mvivu mimi. Jioni ya kwanza mlango ukagongwa. Alikuwa Bi Salma, jirani wa mlango wa pili, mama wa Kiunguja mwenye binti wawili, mkononi sahani ya muhogo wa nazi.

"Wanafunzi nyinyi mnafuturu mkate na maji," akasema. "Haya, shika."

Alijuaje, sijui. Nilikuwa nimeshaukata mkate.

Sasa, wewe unajua kwetu: sahani ya jirani huirudishi tupu. Na mimi upishi wangu ulikuwa kuchemsha yai, nalo hupasuka. Nikaiosha sahani, nikaiweka kabatini mpaka nipate cha kutia. Kesho yake ikaja ya tambi, kisha ya kaimati. Siku ya tano, sahani tano za maua mekundu zilikuwa zimepangana kabatini zikinitazama. Siku ya sita mlango ulipogongwa, aibu ikanishika, sikufungua.

"Labda katoka," nikamsikia Bi Salma.

"No mama, he's inside," binti mdogo akamjibu. "Viatu vyake hivi hapa."

Nilikuwa nimevivua nje ya mlango, kama nyumbani!

Tangu siku hiyo sahani hazikuja tena. Siku tatu baadaye tukakutana kwenye lifti. Nikamwamkia, akaitikia. Kisha akasema polepole, macho kwenye namba za ghorofa: "Kama chakula changu hakikupendezi, ungesema, mwanangu. Nisingejipendekeza."

Mlango ukafunguka, akatoka. Katika mji mzima ule, huyo ndiye mtu pekee aliyejali kama nimekula, nami nimemfanya aone haya kwa wema wake.

Jumamosi nikatoka kutafuta cha kutia kwenye sahani. Nikafuata njia ya mfereji, nikaona mashua nyembamba zenye mabomba ya moshi, watu wanaishi humo na paka wao na vyungu vya maua. Nikafika mjini, nikakuta duka kubwa limevikwa visahani vya kung'aa, kama samaki mwenye magamba aliyelala katikati ya barabara. Na harufu! Chipsi za siki, nyama za kuchoma, na mimi nimefunga. Sokoni wauzaji wanapiga kelele, vitu vinauzwa kwa bakuli. Nikaona muhogo uliopakwa nta, nikauogopa. Nikachukua viazi, ndimu na pilipili. Kumbe mji wote huo ulikuwa mwendo wa nusu saa kutoka dirishani kwangu.

Nikakaanga kachori bila kuonja. Kabla ya magharibi nikasimama kwa Bi Salma, sahani zimenijaa mikononi, kachori tatu kila moja.

"Bi Salma, nisamehe. Si chakula chako. Sijui kupika, nikaona haya kurudisha tupu."

Akazihesabu sahani zake kwa macho. "Ingia, futari inapoa."

Basi, mwanangu, uendako utafanyiwa wema usioweza kuulipa siku hiyo. Upokee, na useme neno mapema, hata neno la kukufedhehesha. Aibu yako ukiifungia kabatini, mwenzio huiona dharau. Na utoke nje, usingoje kulazimishwa kama mimi. Mungu akupe majirani wa kukugongea, akupe na moyo wa kufungua, akurudishe kwetu salama.

Hizo kachori usiniulize. Bi Salma aliuma moja mbele ya binti zake, akatafuna kwa subira, akanywa maji glasi nzima, akasema:

"Kesho sahani yangu niletee tupu."