Nilivyomwonea Wivu Mwalimu Riziki

Mwanangu, ipo siku moja ya mwishoni mwa miaka ya tisini ambayo mpaka leo nikiikumbuka naona haya. Nilikuwa nafundisha Kifaransa shule moja ya Riverdale Park, mji mdogo jirani na Washington, na darasa la jirani lilikuwa la Riziki, mwalimu mwenzangu kutoka Bukavu. Kifaransa mimi nilikisomea Mombasa. Yeye alikua nacho. Wanafunzi walimpenda, wazazi walimpenda, na mimi, sikufichi, roho iliniuma.

Mwaka huo akagombea udiwani wa mji. Akanijia na furushi la karatasi zake za kampeni.

"Dada Mwanaidi, majirani zako wanakusikiliza. Niombee kura kwao."

"Inshallah," nikamjibu, nikatabasamu.

Sikugawa hata moja. Jumapili ile, arusini Takoma Park, mji wa pili yetu, wanawake wa mtaani kwangu wakaniuliza habari zake, nami nikasema, "Yule anataka cheo tu. Akikipata hatawajua." Nilijua ni uwongo, na ulinitoka kilaini kama salamu.

Riziki akashindwa kwa kura chache. Kesho yake akaingia darasani kwangu, akafunga mlango.

"Maneno yako yamenifikia, dada. Nilikukosea nini?"

Nikalitafuta kosa lake, mwanangu. Nikalitafuta kweli kweli. Sikuliona.

"Hukunikosea. Nilikuonea wivu."

"Ungeniambia mimi," akasema. "Mimi ningekuvumilia. Wale umewadanganya."

Ilinibidi niwarudie wale wanawake mmoja mmoja, niyafute maneno yangu. Wengine walinielewa, wengine walinicheka. Alipogombea tena nilitembea naye mlango kwa mlango, akapata. Miaka ikapita, akachaguliwa kuingia bunge la taifa, kule Washington. Siku ya kuapishwa alinialika. Nilipiga makofi hadi viganja vikawaka moto, na ule wivu ulikuwa umekaa nami pale pale. Haukwenda popote. Ila safari hii sikuupa ulimi wangu.

Kwa hiyo usidhani utafika umri ukaacha kuona wivu. Ukikupata, usiupeleke kwa watu. Ukishindwa kuumeza, mwendee mwenyewe, umwambie. Na ukiwa umeshaliharibu jina la mtu, nenda kwa miguu yako ukalitengeneze, hata wakikucheka.

Mungu akujaalie kumpongeza mwenzio hata siku moyo unapokuuma, na akukinge na maneno ya kinywa chako mwenyewe. Amina.