Sentensi Iliyohama Sura ya Tano

Ritha Chilongani hafuti. Neno likibadilishwa, anapitisha mstari mwekundu juu yake na kuliacha palepale lionekane, kisha anaandika jipya mbele yake kwa wekundu uleule. Ukimwuliza kwa nini anachafua ukurasa, atakujibu kwamba mpitiaji aone kilichokuwepo, aone kilichowekwa, ndipo atie saini. Nimefanya naye kazi tangu duka langu hapa mjini Dodoma lilipokuwa meza moja na mashine ya kudurufu iliyokwama kila joto likizidi, na sijamwona akitupa sentensi bila kuiachia alama.

Simsifii. Tabia hiyo imenikosesha wateja. Kazi yetu ni vitabu vya maelekezo ya mashine: mitambo ya kukamua alizeti, pampu, vihenge vya chuma vya kuhifadhia nafaka. Mashine inakuja na kitabu cha kigeni, sisi tunakigeuza Kiswahili. Kiwanda kikibadilisha kitu tunaandaa toleo jipya, na toleo hilo linapita kwa wapitiaji kabla ya kuchapwa. Mpitiaji ana shughuli zake. Hasomi kitabu kizima. Anapekua, akiona alama pembeni anasimama, anasoma hapo, anaendelea. Ningekuwa yeye ningefanya vivyo hivyo.

Kiwanda kimoja cha alizeti kule Ihumwa, upande wa reli, kilituletea kitabu chake kwa sababu walikuwa wamejenga chumba kipya cha swichi. Aliyesimamia kazi alikuwa Injinia Ernest, mtu makini, shati limenyooka hata siku ya vumbi. Na katika kiwanda hichohicho, Kefa, mume wa Ritha, alikuwa mkubwa wa vijana wanaoingia ndani ya vihenge.

Kazi ya Kefa ni hivi. Alizeti ikipata unyevu inashika ukoko juu, na chini ya ukoko panabaki tupu. Mtu anaingia kwa mlango wa juu na kuugonga kwa nondo mpaka uvunjike. Chini kabisa ya kihenge kuna parafujo kubwa inayovuta mbegu kwenda mtamboni. Ikiwashwa mtu akiwa ndani, mbegu zinamla kuanzia miguuni, na hata apige kelele vipi, kiwanda kina kelele kuliko yeye.

Ndiyo maana sura ya tano, ya kusafisha kihenge, ilikuwa na sentensi hii: anayeingia azime kwanza swichi kubwa ya parafujo, aifunge kwa kufuli, na ufunguo akae nao mwenyewe.

Injinia Ernest aliihamishia sura ya nane.

"Kufuli linafunga swichi, na swichi ni umeme," alisema, akiwa amekaa kwenye kiti changu. "Umeme uko sura ya nane. Kitabu kiwe na mpangilio."

"Kitabu kipi, Injinia?" Ritha akauliza. "Kwenu hakuna anayesoma kitabu."

Alisema kweli. Pale kiwandani kitabu kikifika wanakikatakata. Kila ukurasa unatiwa ndani ya plastiki ngumu na kutundikwa pale kazi yake inapofanyika: wa kusafisha mlangoni mwa kihenge, wa kuwasha ndani ya chumba cha swichi. Sura ya nane haitundikwi popote. Inakaa kabatini kwa Injinia, maana umeme ni wake. Sentensi ikihama sura, kwa mtu anayesoma ukutani imekufa.

"Basi niiache sura ya tano na mstari mwekundu juu yake," Ritha akaendelea, "na pembeni niandike imehamia wapi. Wapitiaji waone. Wakiridhika, shauri yao."

"Niwapelekee wenye kiwanda kitabu kimejaa makovu? Watadhani hatujui tunachofanya." Akamtazama kwa jicho la utani lisilo na utani. "Hivi mama, unatetea kitabu au unatetea mume?"

"Vyote. Mume ninaye huyohuyo."

Nikaona kazi inaondoka mlangoni, nikaingia kati. Tulipatana hivi: yaliyofutwa yasionekane, ila kila aya iliyoguswa iwekewe mstari mweusi pembeni. Injinia akapata kitabu safi, Ritha akapata alama, mimi nikabaki na mteja. Kwa hesabu za meza ile, kila mtu aliondoka na kitu.

Wapitiaji walifika kwenye ule mstari wa sura ya tano, wakasimama kama kawaida yao. Wakasoma kilichobaki: vaa kamba, fungua mlango wa juu, mwenzako akae mlangoni. Maneno mazuri, hayana kasoro. Kisichokuwepo hakikuwa na pa kusomwa. Wakatia saini.

Ritha alinirudishia nakala iliyosainiwa. Jioni ile alikwenda kwake Ihumwa, akang'oa kufuli la banda la kuku, akampa Kefa. Banda likafungwa kwa waya. Kefa alichekwa kazini mpaka akazoea. Walimwita Bwana Kuku, na vijana wakawika kila alipopita na ufunguo wake shingoni. Alikuwa akizima, anafunga, ndipo anapanda. Karatasi mpya ilipotundikwa mlangoni mwa kihenge, waliocheka walipata la kusema: ona, hata kitabu hakitaki kufuli lako.

Mvua zikaja, na mwaka huo zilikuja vibaya. Alizeti ikaingizwa mbichimbichi kwa sababu malori yalikuwa yamepanga foleni nje. Plastiki za karatasi zikaingia maji, tukaagizwa kuleta nyingine. Nikampakia Ritha kwenye gari, kwa kuwa kurasa zake hapendi kutundikiwa na mtu mwingine.

Tulikuta mtambo umesimama. Chini ya kihenge cha pili, mbele ya boksi lenye swichi kubwa ya parafujo, Adamu, jirani yao Kefa aliyeajiriwa chumba cha swichi wiki ile, alikuwa amechuchumaa na msumeno wa chuma. Chenga za chuma zilikuwa zinamwangukia kwenye viatu.

"Shemeji, karibu," akamwambia Ritha bila kuacha kukata. "Mmetukuta kwenye balaa. Nabonyeza, nabonyeza, parafujo haigeuki. Nimebonyeza mpaka kidole kimekufa. Kumbe kuna mtu katutilia kufuli la ajabu hapa."

"Umebonyeza tangu saa ngapi?"

"Tangu nimepokea zamu. Supavaiza analalamika mtambo una njaa."

Ritha alilitazama kufuli. Lilikuwa na doa la rangi ya kijani, ile aliyopaka banda. Aliinama, akashika bapa la msumeno kwa kiganja, na Adamu alipovuta tena, ulivuta na mkono wake.

"Shemeji! Utajikata!"

"Kefa yuko wapi?"

"Si yuko huko kwa..." Adamu akatazama juu. Mlangoni mwa kihenge hapakuwa na mtu. Mwenzake Kefa aliyetakiwa kukaa pale alikuwa ameshuka kutafuta nondo nyingine. Tulimwona anakuja nayo begani, anapiga mluzi.

Adamu akauachia msumeno. Aliketi chini palepale kwenye matope, na mkono aliokuwa akibonyezea akaufunika kwa ule mwingine.

Ilichukua muda Kefa kusikia akiitwa. Alipotokea juu alikuwa mweupe wa vumbi, anapepesa macho, hajui lolote. "Kuna nini tena?" akauliza. "Bado kidogo tu ukoko uvunjike."

Injinia Ernest alikuja mbio. Akaliinua kufuli kwa vidole viwili. Chuma chake kilikuwa kimekatwa zaidi ya nusu.

"Nani aliruhusu kitu hiki kifungwe hapa?" akauliza.

Akaendelea kulitazama, na kadiri alivyotazama sauti ikamshuka. "Ile sentensi," akaniambia, "irudisheni sura ya tano. Leo. Na huo wekundu wenu muuache uonekane."

Nikasema sawa. Mimi ni mfanyabiashara, nilikuwa nimeshaanza kufikiria plastiki na wino. Ritha ndiye aliyesimama na kitambaa mkononi, damu ikipenya, akauliza swali ambalo lilipaswa kuwa langu.

"Zile nakala za Mpwapwa je?"

Wenye kiwanda wana kihenge kingine huko. Walikuwa wamependa kitabu kilivyotoka safi, wakachukua kurasa zilezile. Nilizifunga mimi mwenyewe, nikazipandisha basi.

Ernest akampa namba ya msimamizi wa huko, Meshack. Ritha akapiga, akaweka sauti kubwa kwa kuwa mkono mmoja haukufaa kitu.

"Mbukwa, mama!" Meshack alisalimia kwa furaha, mashine zikinguruma nyuma yake. "Karatasi zenu tunazo, zimetundikwa, zinapendeza kweli."

"Baba, mtu akiingia kihengeni kwenu, swichi mnaifunga kwa kufuli?"

"Kufuli?" Akacheka. "La nini, mama? Halikuandikwa. Na sisi hapa tunaaminiana."

"Sasa hivi kuna mtu ndani?"

"Wapo wawili, wanagonga. Mvua hizi zimetutesa. Nikuitie nani?"

Kefa alikuwa ameshashuka, amesimama karibu na mkewe, anajipangusa vumbi usoni. Akaacha kujipangusa.

"Usiniitie mtu," Ritha alisema. "Nenda ukasimame mbele ya swichi. Simama hapo mpaka watoke, asiguse mtu. Usikate simu."

"Sawa, mama. Hakuna shida."

Tukasikia viatu vyake vikikanyaga kokoto, mtu anayetembea bila haraka, na huko alikokuwa anaelekea mashine moja ikawashwa.