Pampu ya Trekta la Baba Ilirudi Imefungwa kwa Kimkeka Changu

Mwenye ukurasa, Mambrui itaje ukitaka, lakini jina langu nifichie. Huku kwetu kila nyumba ina kaka mkubwa, basi kila mmoja na ajikune panapomwasha. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, nimeachika, nina watoto watatu, na tangu baba afariki naishi shambani na mamangu. Wasomaji, naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjanihukumu, maana nyumbani nimeshahukumiwa.

Baba alituachia trekta kuukuu alilolinunua kwa mkulima mmoja aliyekuwa akihama. Ndilo lililotulisha. Lililima mahindi na kunde zetu, na majirani wasio na nguvu baba aliwalimia bure. Kiti chake kilikuwa cha chuma, kikishika jua hakikaliki, kwa hivyo nikamsukia kimkeka cha kukalia. Nilipokaribia ukingoni rangi ya zambarau ikaniishia, nikamalizia kwa ukili mweupe mtupu. Nikaona haya kumpa. Baba akacheka, "Usijali mwanangu, mwenye kukikalia ni mimi, na huko nyuma sina macho."

Alipofariki, mama akakaa eda na sisi wengine tukashughulika na wageni. Asubuhi moja kaka yangu mkubwa akatoka kwenye banda la trekta mikono kichwani. Wezi wameingia, wamefungua pampu ya dizeli, wameondoka nayo, na hata kile kimkeka wamekibeba. Bila pampu ile dizeli haifiki kwenye injini, trekta ni pambo tu. Niwaambie ukweli, nililia zaidi kwa ajili ya kimkeka.

Tangu hapo tumelima kwa jembe la mkono, mimi na wanangu, na kuku wakahamia kwenye injini kutaga. Watu walipotushauri tuliuze kama chuma chakavu, kaka alikuja juu. "Trekta la baba haliuzwi!" Nilimpenda sana siku ile.

Mwaka huu, mvua za masika zilipokaribia, akaja na habari njema. "Dadangu, kuna bwana mmoja kule Mnarani ana pampu kama yetu. Tukiipata, trekta litafufuka. Lakini mimi mkononi sina kitu. Labda ile minazi yako..."

Wasomaji wa bara huenda hamjui, kwetu mtu aweza kuwa na minazi yake hata kama ardhi si yake. Niliporudi nyumbani na talaka yangu, baba aliniita mbele ya mashahidi akanipa safu nzima ya minazi, akasema mwanamke aliyeachika asiombe chumvi. Ndiyo nazi zangu, mafuta yangu, makuti yangu, sare za shule za wanangu. Nikaiweka rehani, pesa nikampa kaka akanunue pampu. Aliyeishika ni shemeji yake kaka, ndugu wa mkewe. Ataangua nazi yeye mpaka siku nitakayoikomboa. Hakuna aliyenilazimisha. Nilitaka kusikia lile trekta likinguruma tena.

Kaka akarudi na gunia, akaliweka barazani, akaenda kuswali adhuhuri. Mimi na kiherehere changu nikalifungua. Pampu ilikuwa ndani, imefungwa vizuri kwa kimkeka kilicholowa mafuta. Nikakikunjua. Zambarau, zambarau, kisha ukingoni ukili mweupe.

Mwanamke anayesuka anaujua mkono wake kama anavyoijua sauti ya mwanawe. Lakini kwa mwanamume mkeka ni mkeka. Hapo nikashuku kwamba kaka yangu aliificha pampu ya baba muda wote ule, akaja kuniuzia mwenyewe, na akaifunga kwa kazi ya mikono yangu kwa kuwa kwake yeye lile lilikuwa tambara tu.

Aliporudi kutoka msikitini alinikuta nimekitandika kimkeka barazani.

"Hiki umekitoa wapi?" nikamwuliza.

"Kwa yule bwana wa Mnarani," akajibu.

"Basi yule bwana ananiuzia na kimkeka nilichomsukia baba?"

Akakitazama. Naapa hakukijua mpaka pale nilipomwonyesha ukingo kwa kidole. Nilingoja aombe radhi. Akasema, "Minazi ile ilikuwa haki yangu. Mtoto wa kiume ni mimi, baba alinipunja." Akavaa viatu akaenda zake.

Nikamkimbilia mama jikoni. Nikamwambia kaka ametuibia, na kimkeka ndicho shahidi. Mama alikuwa akipepeta mchele. Hakushtuka, hakuniuliza kimkeka gani. Akapuliza makapi, akasema taratibu, "Nalimwambia akitupe kile."

Jamani. Mamangu alijua. Aliniona nikilima mgongo ukipinda, akaniona nikitoka kwenda kuweka minazi rehani, akanyamaza.

Sasa ananisihi. "Funika kombe mwanaharamu apite. Pampu imerudi, trekta litafanya kazi, watoto watakula. Wewe wataka nini tena? Na ukienda kwa kadhi, mimi ntasema sijui lolote."

Fundi yuko tayari kuifunga, anangoja neno langu. Nikikubali, shamba litalimwa kabla ya mvua, lakini anayejua kuliendesha ni kaka peke yake, na kila asubuhi nitamwona amekaa pale pa baba huku nazi zangu zikianguliwa na shemeji yake. Nikikataa, nitaichukua pampu hii niende nayo kwa kadhi nidai minazi yangu, na mbele yake mamangu mzazi ataapa uongo kwa ajili ya mwanawe. Trekta litabaki la kuku, na wanangu watarudi kwenye jembe.

Kimkeka nimekifua mara kadhaa, mafuta hayatoki. Mama jana ameniuliza kama nitakirudisha kwenye kiti, kaka asiungue. Nyinyi mlio mbali na nyumba hii, nishaurini, nimjibu nini?