Washenga Niliowarudisha kwa Ajili ya Gesi ya Lindi

Nilienda Rwamgasa kumwomba msamaha binti yangu Kabula, na kama Mungu angependa, nirudi naye. Nawaeleza yote, kina mama wenzangu wa Kishapu, maana kosa ni langu.

Kabula alisomea kuchomelea mabomba. Wakati ule redio ilikuwa inasema serikali itatoa gesi baharini huko Lindi, vijana watapata ajira. Washenga wa Masanja, kijana aliyetaka kumuoa, walipotoka Mwadui kuja kuzungumza ng'ombe wa mahari, niliwaambia, "Subirini kwanza aanze kazi ya gesi." Nilitaka ng'ombe wengi zaidi. Masanja alisubiri, akasubiri. Mwaka jana kaoa kwingine, na Kabula akaondoka bila kuniaga. Baadaye nikasikia yuko Rwamgasa, kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita.

Jumatatu alfajiri nilipanda basi Mhunze, Shinyanga mjini nikabadilisha, nikapita Kahama. Pamba ilikuwa imeshavunwa, mashamba matupu. Nilijaribu kusali, sala ikanikwama. Nilikuwa napanga maneno tu.

Geita, jioni. Nililala kwa Mama Shija, tuliimba naye kwaya zamani. Nikamwambia labda yaliyompata Kabula ndiyo mapenzi ya Mungu.

"Mungu muache," alisema huku akisonga ugali. "Washenga uliwarudisha wewe."

Asubuhi, Rwamgasa. Vumbi, na kelele za makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Nikamuuliza mchimbaji mmoja kuhusu Kabula wa Kishapu.

"Kabula? Hatuna huyo."

"Anachomelea vyuma."

"Aaa, Gesi! Si ungesema! Shikamoo, mama yake Gesi!" Wenzake wakacheka.

Nilimkuta anaziba ufa kwenye karasha. Akavua miwani myeusi, akapiga goti.

"Shikamoo, mayu." Bado aliniita mama kwa Kisukuma.

"Marahaba." Na mimi nikapiga magoti pale pale. Kwetu mama hampigii mtoto magoti.

"Mama, nyanyuka! Watu wanaangalia!"

"Waangalie. Nilizuia ndoa yako kwa habari ya redioni. Nisamehe."

Akaninyanyua, akanifuta vumbi kwenye kitenge.

"Mama, ile gesi iko chini sana baharini. Kuitoa ni gharama kubwa mno. Serikali inataka fungu la nchi, makampuni yanaogopa kuweka hela yao, sheria zikibadilika wanakaa mezani upya. Wao hawana haraka. Mwenye haraka ya ng'ombe ulikuwa wewe."

"Umenisamehe?"

"Nimekusamehe. Ila kurudi, hapana. Nirudi nikamwangalie Masanja anapita na mke wake?"

Tulikula wali maharage kwa mama lishe, akanisindikiza kwenye bodaboda, akarudi kazini kabla sijaondoka.

Jumatano nilifika nyumbani peke yangu. Serikali siilaumu kwa kujadiliana, mali ya nchi haitolewi ovyo. Lakini miaka waliyokaa mezani ilikuwa ya ujana wa Kabula, na aliyeitoa ni mimi, bila kumuuliza.