Usukani Uliolala Upande

Kanyere, Mama Gracia kwa mumewe na majirani, hakuwa mtu wa kunyamaza. Mtaani Shari walimjua kwa Corolla yake nyeupe na kwa mdomo uliosikika kabla ya honi. Mwendesha pikipiki akimkata mbele, alishusha kioo akamuuliza kama mama yake anajua anavyoendesha. Lakini abiria walimpenda, kwa sababu pamoja na kelele zake zote alimfikisha kila mtu salama, na akina mama wenye mizigo aliwashusha mlangoni.

Gari lile alianza kuliendesha mumewe, Ephraïm, mpaka macho yake yakaingia ukungu. Akamfundisha mkewe, akahamia kiti cha kushoto, na tangu siku hiyo kazi yake ikawa kukosoa. Usukani uko kulia, kama wa magari mengi yanayoingia Bunia kutoka Uganda, na hapa mjini watu huendesha upande wa kulia wa barabara vilevile. Basi dereva anakaa upande wa mfereji, na mtu wa kushoto ndiye anayechungulia kinachokuja mbele na kusema, "Pita." Kwa Kanyere, mtu wa kushoto alikuwa mwanamume asiyeweza kutofautisha lori na nyumba. Ndiyo maana hakumtii hata mara moja.

Mwaka huu alikuwa na jambo moja moyoni. Alitaka kupewa zamu kwenye kituo cha magari ya Mahagi. Hakuna mwanamke aliyewahi kuingia kwenye mstari ule, na madereva walipomwona akija kuomba walikohoa kwa zamu. Akaomba, akarudi, akaomba tena, mpaka Nathanaël, mkuu wa kituo, akachoka kumkatalia. Akampa Jumamosi, gari la kwanza asubuhi. Ikienda vizuri, zamu itakuwa yake kila wiki. Isipoenda vizuri, Kanyere alijua mwenyewe kwamba hakuna atakayempa ya pili. Aliitaka zamu ile kiasi kwamba alishaanza kuota vilima vya Mahagi.

Ijumaa mchana, akirudi kutoka sokoni, pikipiki iliyobeba godoro zima ilitokea mbele yake. Upepo ulilishika godoro likageuka tanga, na dereva wake akaja moja kwa moja kwa Kanyere. Kanyere alichagua mfereji. Gurudumu la mbele la kulia likagonga ukingo wa zege, pa! Gari likaruka kidogo, likatulia.

Watu walikusanyika mara moja, kama kawaida, kila mmoja fundi.

"Haiko kitu, mama," alisema mmoja aliyeinama kutazama. "Rangi tu njo imekwaruzika."

"Moto ya godoro njo iko na makosa. Endelea tu, Mungu iko."

Kanyere naye aliinama. Tairi halikuvimba popote, chuma cha gurudumu hakikupinda. Akamshukuru Mungu, akamtukana yule wa godoro ambaye alikuwa ameshatoweka, akaondoka. Hakufika mbali kabla ya kuona. Gari lilikwenda mbele, lakini alama iliyo katikati ya usukani haikusimama wima tena. Ilikuwa imelala upande, kidogo tu, kama kichwa cha mtu anayesikiliza. Akiinyoosha, gari linakwenda kulia. Kwa nini leo, alijiuliza, kwa nini si Jumatatu?

Nyumbani alimkuta Ephraïm akimenya mihogo. Akamweleza yote, hata pale alipofikiri angeweza kufunga breki mapema zaidi.

"Twende tujaribu," Ephraïm alisema, akafuta mikono.

Kwanza walipita kwa mwenye pampu kupima upepo, maana tairi likilegea upande mmoja gari huvuta upande huo bila kosa lolote lingine. Upepo ulikuwa sawa kote. Wakaingia kwenye njia ndefu iliyonyooka nyuma ya kanisa, Kanyere akaendesha polepole, akaachia usukani. Gari likaanza kuteremkia mferejini, polepole, kama ng'ombe anayejua njia ya kwao.

"Unaona?" alisema.

"Naona nini? Barabara inainama, Mama Gracia! Ile katikati iko juu, huku pembeni iko chini, juu maji itoke. Motoka yote ya Bunia inavuta ku kuume. Ata miye, miaka yote niliendesha, niliishikaga kidogo ku kushoto. Haiko ugonjwa."

Na Ephraïm hakuwa anadanganya. Ndivyo wanavyoendesha wote hapa. Barabara zinainama, mikono inazoea kuzuia, na baada ya miaka hakuna anayekumbuka gari lililonyooka linakuwaje. Kitu chochote kikilalamika chini, wanasema ni barabara. Spring ikivunjika, ni barabara. Mara nyingi wanasema kweli, na hapo ndipo shida ilipo, maana hata siku ambayo si kweli wanasema hivyohivyo.

Kanyere alitamani sana kumwamini mumewe. Neno moja tu, ni barabara, na kesho angeamka, angevaa kitenge kipya, angekwenda Mahagi. Alikaa na mikono mapajani akitazama alama iliyolala. Kisha akafikiria mteremko ule wa pembeni, na wazo likamjia, likamkera kwa kuwa rahisi hivyo.

"Papa Gracia, shuka," alisema. "Enda pale mbele, usimamishe wa moto na wa motoka."

"Juu ya nini?"

"Nitageuka, nirudilie palepale, ku upande uleule. Kanivo, mfereji ile, itakuwa ku kushoto yangu. Kama ni barabara inavuta, sasa itanivuta ku kushoto, ku kanivo. Kama ni motoka, itanivuta ku kuume tena."

Ephraïm alipapasa kiti akaipata kofia yake. Alishuka. Akaenda kusimama mbele na kofia mkononi, akiipungia kila sauti ya injini aliyoisikia, zikiwemo za mbali kabisa zisizomhusu. Mwenye baiskeli mmoja alimuuliza kama kuna msiba. Kanyere akageuza gari, akaingia upande usio wake, magurudumu yakikanyaga udongo uleule. Akapata mwendo mdogo. Akaachia usukani, akajikuta anaomba, na hakuwa anaomba ukweli. Alikuwa anaomba mfereji.

Gari halikwenda mferejini. Liligeuza pua kulia, likaanza kuupanda mwinamo kuelekea katikati ya barabara, peke yake, bila mkono wa mtu.

Alifunga breki. Ephraïm alikuja akainama dirishani. Macho yake hayakuona mengi, lakini hilo aliliona.

"Njo motoka," alisema taratibu.

"Njo motoka."

"Mu mji inaweza kutembea wiki nzima bila shida."

"Kesho si mu mji, Papa Gracia. Ni milima. Na watu."

Alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Ephraïm alimshika bega. Kisha Kanyere akatoa simu, akampigia Nathanaël kabla ujasiri haujamtoka.

"Chef, nimegonga kanivo. Usukani imelala. Kesho asubuhi sitabeba watu mbele ya kufanya paralelisme, fundi anyooshe magurudumu."

Upande wa pili karatasi za zamu zilisikika zikipinduliwa.

"Asubuhi motoka ingine itachukua nafasi yako, mama," Nathanaël alisema mwishowe.

"Najua."

"Sawa. Nimesikia." Simu ikakatwa.

Jumamosi, jua lilipochomoza, Kanyere alikuwa ameshafika kwa fundi Willy. Willy alifunga kamba kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, akaivuta ikakaza, akachuchumaa. Upande wa kushoto kamba iligusa tairi sawasawa. Upande wa kulia tairi liliisukuma kamba mbele na kuiacha nyuma, likichungulia nje. Akaingia chini ya gari, akatoka na chuma kile kinachounganisha usukani na gurudumu. Kilikuwa kimepinda, si sana, kiasi cha kidole kinachoita mtu.

"Ungetembea na hii mu mashimo ya kule Mahagi?" aliuliza, akatikisa kichwa.

Akafunga kingine, akanyoosha, akapima kwa kamba, akalegeza, akapima tena. Kanyere alipoliendesha nyuma ya kanisa, alama ilisimama wima, na mikono yake ikamshangaza. Hata kwenye mwinamo ilikuwa na kidogo sana cha kuzuia. Miaka yote ile, na leo ndiyo mara ya kwanza anajua usukani mwepesi ulivyo.

Alikwenda kituoni kumshukuru Nathanaël tu, au ndivyo alivyomwambia Ephraïm. Jua lilikuwa limepanda. Gari la kwanza lilishaondoka, la pili pia. Madereva walimtazama, na mara hii hakuna aliyekohoa.

"Wamama wengine walikatala kupanda," Nathanaël alisema, akionyesha kwa kidevu. "Niliwaambia sababu ya weye kukosa. Wakasema watangoja."

Kando ya ukuta walikaa wanawake na vifurushi vyao. Mmoja alisimama kabla ya wengine: Mama Scholastique, aliyekimbia vita kule Djugu na anayeishi Bunia tangu hapo, akienda Mahagi kumwona binti yake aliyejifungua. Alilizunguka gari zima. Akatazama gurudumu la kulia kwa muda mrefu, ingawa hakuna alichoweza kujua kwa kulitazama. Kisha akamgeukia Kanyere.

"Weye njo ulikatala kutubeba?"

"Njo miye, mama."

"Basi, utubebe."