Kidole cha Gia

Ukitaka kumjua motari wa kweli, dereva wa pikipiki ya abiria, angalia kidole gumba cha mguu wake wa kushoto. Hivyo ndivyo walivyokuwa wakisema kwenye parkingi ya mume wangu, pale wanapongoja abiria, na mtu akilisema neno hilo mbele yangu leo, nitamtupia chochote kilicho karibu. Pikipiki zao nyingi ni za zamani, gia unaipandisha kwa kuinua chuma na kidole, na mabwana hao wanaendesha na kambambili za mpira hata mvua ikinyesha. Chuma kinagonga, damu inavilia, ukucha unakuwa mweusi. Mgeni akija na ukucha safi wanamcheka: "We bado! Ngoja gia ikubatize."

Kwa hiyo siku nilipoona mstari mweusi kwenye ukucha wa mume wangu, jibu lilikuwa tayari mdomoni mwake.

"Ni gia tu, mama watoto."

Mimi nauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, soko la Kamenge hapa Bujumbura, sikusomea kucha za watu. Lakini macho ninayo. Ukucha uliogongwa unaota, weusi unasogea mbele, siku moja unaukata na kuutupa. Ule haukusogea, ulipanuka. Kisha ukatoka nje ya ukucha ukaingia kwenye nyama, kama mafuta yanavyotambaa kwenye karatasi ya kufungia samaki. Nikasema hii si gia. Akacheka. Nikaenda kusema parkingini, nako wakacheka, wakaniita dokta wa ndagala, na jina likanikaa.

Miezi hiyo wakaja watu wa jua. Ndivyo tulivyowaita. Mama mmoja mwenye miwani na wenzake walijua pa kuwapata mamotari: kwenye foleni ya mafuta, ambako watu walikuwa wanakaangwa na jua toka asubuhi hadi jioni wakingoja petroli. Wakafundisha kwamba jua linaleta kansa ya ngozi. Mmoja akauliza, "Hiyo si ya Wazungu?" Mama akajibu kwamba hata mutu mweusi anaweza kuipata. Wakagawa kofia, mafuta ya kupaka, na mikono ya kitambaa ya kuvaa toka kiganjani hadi begani.

Sikatai. Jirani yetu mwenye ualbino yale mafuta kwake ni kama chakula, na angepewa katoni nzima ningefurahi. Lakini wale watu walishika mikono, wakashika nyuso na shingo, wakapiga picha, wakapanda gari. Hakuna aliyesema, "Jamani, vueni kambambili." Hakuna aliyesema kwamba kwetu sisi weusi kansa hiyo hupenda kujificha kwenye nyayo, kwenye viganja, chini ya kucha, huko ambako jua halina habari nako. Hayo niliyajua baadaye, hospitalini. Mume wangu alirudi nyumbani amevaa ile mikono ya kitambaa kama bwana harusi. Nikitaja kidole, ananionyesha mikono: "Mi nimeshakingwa."

Siku moja nilifunga biashara nikamburuta hospitali. Daktari hakucheka. Alishika ule mguu, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha. Halafu akatuambia atakata kipande kidogo kipimwe, na kikiwa kile anachokiogopa, kansa, kidole kitaondolewa haraka na mtu ataishi.

"Kwa sasa ni kidole tu," alisema.

"Kidole cha gia?" mume wangu akauliza.

"Ndiyo, hicho hicho."

Karibu na nyumbani akaniuliza: "Motari bila kidole cha gia ni motari gani? Utanilisha na ndagala zako?"

"Nitakulisha."

"Apana."

Nililia, nikagomba, nikamwitia kaka yake, mpaka akakubali. Siku ya kukata kile kipande ikapangwa. Asubuhi yake, chai haijachemka, simu ikalia: mafuta yamefika kituo cha njia ya Gatumba. Asiyeishi kwetu hawezi kuelewa. Pikipiki yake ilikuwa imesukumwa mpaka karibu na pampu, na ukitoka kwenye foleni, nafasi imekwenda.

"Hospitali haihami," aliniambia akivaa kofia. "Mafuta yanahama."

Akaenda! Nikabaki mlangoni na shati lake nililolipiga pasi. Niliyatukana yale mafuta, nikaitukana foleni, nikamtukana na yeye kwa sauti, majirani wakasikia, wacha wasikie. Tukapanga siku nyingine, akasema ana homa. Baadaye akaanza kuvaa soksi. Mtu wa kambambili maisha yake yote, leo soksi, Bujumbura hii ya joto! Alidhani nimekuwa kipofu. Na nikivuta soksi anaficha mguu chini ya kiti na kunikemea mbele ya watoto.

Kilichomshinda ni uvimbe kwenye kinena. Siku aliposhindwa kupandisha mguu juu ya pikipiki, ndipo aliponiambia mwenyewe, twende.

Daktari alikuwa yule yule. Alitazama picha walizompiga, akavuta kiti, akaongea Kiswahili polepole ili asiwepo wa kusema kwamba Kifaransa kilimpita. Alisema kansa imefika kwenye kinena, imefika na kwenye mapafu. "Kidole hatukikati tena. Kukata sasa ni kukutesa bure."

Mimi nilisikia yote. Mume wangu alishika neno moja, uso ukamfunguka. Hatujafika hata nje ya korido, ameshapiga simu parkingi, sauti juu: "Hawakati! Niliwaambia!" Huko wakapiga kelele za furaha, wakamshukuru Mungu, honi zikalia.

"Sasa umenuna nini?" akaniuliza. "Mguu si nabaki nao?"

Nilitaka kumpiga kofi. Nilitaka kuinyakua ile simu niwatukane wote hadi wa mwisho. Nikamshika kiuno tukashuka ngazi, kwa sababu peke yake hakuweza tena.

Tulimzika na vidole vyake vyote kumi.