Unga wa Mzee wa Kanisa

Juzi nilifungua mkebe wa unga jikoni kwangu Amalemba nikakuta mabuu. Kichefuchefu kilinirudisha utotoni Chekalini, alasiri ile mzee wa kanisa alipotuletea gunia la unga kutoka stoo yake.

Mahindi yetu yalikuwa yamekauka shambani, na hatukuwa tumekula siku mbili. Mzee aliomba kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani, akapanda baiskeli akaenda. Mama alipofungua gunia, uvundo ulijaa jiko. Alichekecha unga, na mabuu yakabaki kwenye chekeche yakijinyonganyonga.

Mimi nilifurahi. Jumapili tulikuwa tumefundishwa kwamba mana ya jangwani iliwahi kuingia mabuu.

“Mama, hii ni mana,” nilimwambia. “Imetoka kwa Mungu.”

Mama alisonga ugali. Kabla ya kula alimshukuru Mungu; hakumtaja mzee. Ugali ulikuwa mchungu, lakini niliumeza wote kwa imani.

Siku hizi nikisoma kitabu cha Kutoka, naona kile ambacho mama alikijua. Mana ilishuka ikiwa safi. Iliingia mabuu kwa wale walioiweka akiba.